Tasi, majani ya bahari na mwezi mpevu

Tasi, au tafi kama anavyoitwa katika pwani ya Kenya, ni samaki wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, na wanasayansi humwita Siganus sutor. Kwa kuwa hujaa katika madema, yaani mitego ya kusukwa ya wavuvi wadogo, wengi humwona wa kawaida mno. Mimi ninayewachunguza samaki wa pwani humwona kuwa miongoni mwa viumbe wenye umbile la ajabu zaidi katika maji yetu.

Kila pezi lake la tumboni lina mwiba upande wa nje na mwingine upande wa ndani, na katikati mna vijiti vitatu laini. Mpangilio huo ni wa ukoo wake peke yake. Mgongoni ana miiba 13 na katika pezi la mkunduni 7, yote ikiwa na sumu. Sumu hiyo ni ya protini na huharibika kwa joto, ndiyo maana aliyechomwa hushauriwa kutumbukiza mkono katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, pasipo kujiunguza.

Tasi hula mchana. Mdomo wake ni mdogo, wenye safu moja ya meno ya kukatia, na utumbo wake ni mrefu kwa sababu majani na mwani si chakula chepesi kusagika. Wakulima wa mwani wa Zanzibar humlalamikia, na sioni kwamba wanamsingizia: kamba zilizofungwa mwani mchanga kwake ni karamu iliyokwisha kuandaliwa. Binamu zake wawili waliovuka Mfereji wa Suez kutoka Bahari ya Shamu wamekula mwani wa miamba ya mashariki mwa Mediterania hata sehemu nyingine zikabaki mawe matupu.

Hukua haraka, hupevuka mapema na haishi miaka mingi. Anaweza kufikia sentimita 45, ingawa wengi wanaofika sokoni ni wadogo kuliko hapo. Samaki wa namna hii huhimili uvuvi kuliko chewa, anayechukua miaka mingi kupevuka, lakini tasi ana udhaifu mmoja mkubwa: wakati wa kuzaa hukusanyika kwa wingi mahali pale pale, siku za karibu na mwezi mpevu. Mikusanyiko hiyo imechunguzwa Msambweni nchini Kenya na Praslin huko Shelisheli, na wavuvi waliijua kabla yetu sisi watafiti. Dema likitegwa hapo siku hizo, linawanasa wazazi wenyewe kabla hawajataga. Kwa maoni yangu, kuyapumzisha maeneo hayo machache kwa siku hizo chache kungefaa zaidi kuliko kufunga eneo kubwa ambalo hakuna atakayeweza kulilinda.

Mayai hunata chini, na viluwiluwi vinavyoanguliwa huchukuliwa na mikondo kwa majuma kadhaa kabla ya kutulia katika majani ya bahari ya maji mafupi na katika vihori vya mikoko. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo zaidi. Juya la kukokota, wavu mkubwa unaovutwa hadi ufukweni, lililopigwa marufuku Kenya na Tanzania lakini bado likionekana, huburuta juu ya majani na kubeba vitasi vidogo pamoja na kila kilichojificha humo. Na pale samaki aitwaye kikande, mlaji wa nungu wa baharini (mnyama wa mviringo mwenye miiba mwili mzima), alipovuliwa kupita kiasi, kama ilivyoonekana Diani, nungu hao huongezeka na kuyala majani hayo.

Dema lenyewe silioni kuwa adui. Majaribio yaliyofanywa Kenya yameonyesha kwamba likiachwa mwanya mwembamba uliosimama wima pembeni, tasi wachanga na samaki wembamba wasio na bei hujitolea wenyewe, huku wakubwa, ambao unene wao hauwaruhusu kupenya, wakibaki ndani.