Baraka za Mungu: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Mtu akipandishwa cheo, akijenga au akipata mtoto, tunasema Mungu amembariki. Na ni kweli. Lakini aliyefukuzwa kazi wiki hiyohiyo naye yupo palepale anatusikia, na kimya chetu kwake kinamfundisha jambo ambalo Biblia haijalifundisha. Neno baraka limezoeleka midomoni mwetu hata hatulipimi tena.

Dhana: Baraka ni mali, na mwenye mali nyingi ndiye aliyebarikiwa zaidi

Baraka ya kwanza katika Biblia haikumwendea mwanadamu. Katika Mwanzo 1:22 Mungu anawabariki viumbe wa majini na ndege, wazae na kuongezeka. Baada yao ndipo wanabarikiwa mwanamume na mwanamke, kisha, katika sura ya pili, siku ya saba. Siku haina nyumba wala akiba, na bado ilibarikiwa. Tangu mwanzo, basi, kubariki ni Mungu kunena mema juu ya alichokiumba, na neno lake likakipa uhai na kusudi.

Tazama pia baraka ambayo Haruni na wanawe waliagizwa kuwatamkia Waisraeli, ile ya Hesabu 6:24-26 ambayo makanisa mengi huitumia kuwaaga waumini. Kwa Kiebrania ina maneno 15 tu, katika mistari mitatu inayorefuka: 3, kisha 5, kisha 7. Inataja ulinzi, fadhili na amani, na mara mbili inautaja uso wa Mungu. Mwaka 1979, katika makaburi ya kale ya Ketef Hinnom huko Yerusalemu, vilipatikana vibati viwili vyembamba vya madini ya fedha vilivyoviringishwa, vyenye maneno ya baraka hii. Umri wake unakadiriwa kuwa karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Kuna watu, basi, waliozikwa pamoja na maneno hayo. Kaburini mali haina kazi tena, lakini uso wa Mungu bado walikuwa wakiutumaini.

Nisieleweke vibaya. Wapo wanaokwenda upande wa pili na kuiona mali kuwa uchafu, na hao nao wamekosea. Abrahamu alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Kumbukumbu la Torati 8:10 inawaambia watu wale chakula, washibe, kisha wamshukuru Mungu kwa nchi njema. Mshahara, afya, usingizi mzuri baada ya siku ndefu, vyote ni vipawa vya Mungu na vinastahili shukrani. Ila haviwezi kuwa kipimo cha nani yuko karibu naye, kwa maana Yesu alisema Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, na mvua huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Asafu, katika Zaburi ya 73, nusura miguu yake iteleze kwa kuwaonea wivu wabaya waliostawi. Kilichomwokoa hakikuwa kupata walivyonavyo wao. Alifika mahali akasema kwamba kumkaribia Mungu ni kwema kwake.

Dhana: Ukiteseka, kuna dhambi au laana iliyofunga baraka zako

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu humwendea mtu akiwa tayari yuko chini. Mama aliyepoteza mimba anaulizwa kama ametubu. Mgonjwa anaambiwa achunguze ukoo wake. Wanaosema hivyo mara nyingi wana nia njema, kama marafiki wa Ayubu, waliokaa naye chini siku saba bila kusema neno. Walikosea walipofungua vinywa. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake. Na wao ndio waliokuwa wakitetea wazo kwamba mwenye haki hufanikiwa na mwovu huteseka!

Tena, tunapenda kuhubiri jinsi Ayubu alivyorudishiwa maradufu. Ni kweli, kondoo 7,000 wakawa 14,000, na ngamia 3,000 wakawa 6,000. Lakini watoto walikuwa saba wa kiume na watatu wa kike mwanzoni, na baadaye akapata idadi ileile, saba na watatu. Mifugo ilihesabiwa maradufu. Wale kumi wa kwanza hawakurudi, na sidhani kama kuna mzazi aliyefiwa anayehitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona kipofu tangu kuzaliwa na kuuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Paulo aliomba mara tatu mateso aliyoyaita mwiba yamtoke. Jibu alilopata ni kwamba neema yamtosha. Na pale Yesu anapoahidi kwamba walioacha nyumba na mashamba kwa ajili yake watapata mara mia, Marko 10:30 inaongeza maneno matatu ambayo ni nadra kuyasikia yakisomwa: "pamoja na udhia", yaani mateso.

Biblia ya Kiswahili ina neno jingine zuri hapa, nalo ni heri. "Heri wenye huzuni," anasema Yesu katika Mathayo 5, akiwaambia watu walioonewa kwamba Mungu yu upande wao hata kabla machozi hayajakauka. Anayelia hajafukuzwa kwenye baraka.

Dhana: Sadaka ni mbegu, ukitoa, Mungu analazimika kukurudishia

Andiko linalotumiwa zaidi ni Malaki 3:10, kuhusu zaka kamili na madirisha ya mbinguni. Lisome pamoja na mstari wa tano wa sura hiyohiyo, ambapo Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomdhulumu mfanyakazi ujira wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Zaka ilipelekwa ghalani ili kiwemo chakula, na kwa sheria ya Kumbukumbu 14, zaka ya kila mwaka wa tatu iliwalisha Walawi, wageni, yatima na wajane. Watu wa Malaki walikuwa wanazuia chakula cha wasio nacho.

Kwa haki, lugha ya mbegu ipo. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 9 kwamba apandaye haba atavuna haba. Lakini alikuwa anakusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na mavuno anayoyataja ni kutajirishwa ili wazidi kuwa wakarimu. Naamani, jemadari wa Shamu, alipoponywa ukoma alitaka kumpa Elisha zawadi, naye alikuwa amekuja na talanta 10 za fedha na dhahabu nyingi juu yake. Nabii akakataa katakata. Gehazi mtumishi wake ndiye aliyemkimbilia nyuma akapokee, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Ukiambiwa uponyaji wako unangoja kiasi fulani cha fedha, kumbuka hadithi hiyo kabla hujafungua mkoba.

Dhana: Baraka anazo mtumishi fulani

Hesabu 6:27 inamaliza suala hili kwa upole. Makuhani wataliweka jina la Mungu juu ya watu, "nami nitawabarikia". Kuhani hutamka, Mungu hubariki. Na 1 Petro 3:9 inawaambia waumini wote, bila kubagua cheo, kwamba wameitwa wabariki, hata wanapotukanwa.

Dhana: Baraka hushuka ibadani, siku nyingine ni za kuhangaika

Fungua Ruthu 2:4. Boazi anafika shambani wakati wa mavuno na kuwasalimu wavunaji, "Bwana akae nanyi". Nao wanamjibu, "Bwana akubariki". Ni siku ya kazi. Nyuma yao anaokota masalio mwanamke mjane, mgeni kutoka Moabu. Torati, katika Kumbukumbu 24:19, ilikuwa imeagiza kwamba mganda uliosahauliwa shambani usirudiwe, uachiwe mgeni, yatima na mjane, "ili Bwana, Mungu wako, akubariki katika kazi yote ya mkono wako". Boazi akawaambia vijana wake wachomoe masuke makusudi kutoka kwenye matita, wamwachie Ruthu aokote, wala wasimkemee. Jioni alipopura alichokiokota, kilikuwa karibu efa moja (kipimo cha kale cha nafaka) ya shayiri, akajitwika akaenda nayo mjini kwa mkwewe.