Kumpata Fundi wa Kukuundia Gitaa la Jazi: Dhana Potofu na Ukweli

Gitaa tunalolizungumzia hapa ni lile lenye uso uliobinuka na matundu mawili ya umbo la herufi f, ambalo wapigaji wa jazi wamelipenda tangu kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Marekani, ilipotoa L-5 mwaka 1922. Kuagiza gitaa la aina hii kwa fundi mmoja mmoja ni jambo la maelfu ya dola na la subira ya mwaka au zaidi. Wengi wanaojuta hawakutapeliwa. Walimwendea fundi hodari wa kazi nyingine, au walimpa fundi sahihi maelekezo yasiyo sahihi.

Dhana: Fundi anayeunda magitaa mazuri ya kawaida ataliweza na hili

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Gitaa la kawaida la akustika lina uso bapa: ubao wa unene wa karibu milimita 3 unaoimarishwa kwa papi nyingi (vipande vyembamba vya mbao) upande wa ndani. Nyuzi zake hufungwa kwenye daraja, kipande kinachozibeba, lililogundishwa usoni, hivyo zinauvuta na kuupinda uso. Gitaa la jazi linafanya kazi tofauti kabisa. Nyuzi hupita juu ya daraja lisilogundishwa, zikaenda kushikwa na kipande cha chuma au mbao huko mkiani. Hivyo sehemu ya kani yake hukandamiza uso kuelekea chini. Seti nzito ya nyuzi, inayoanzia 0.012 ya inchi, ina mvuto wa jumla unaopita kilo 60. Uso usipochongwa sawasawa hauwezi kustahimili mkandamizo wake kwa miaka mingi.

Neno lenyewe ni kuchongwa. Fundi huchukua vipande viwili vya sprusi, mti wa jamii ya misonobari, vyenye umbo la kabari, akaviunganisha katikati mahali penye unene wa karibu milimita 25, kisha akachonga umbo la nje kwa patasi na randa ndogo. Baadaye huugeuza ubao na kuukomba kwa ndani mpaka katikati pabaki milimita 6 hivi, na karibu na ukingo milimita 3 hadi 4. Sehemu kubwa ya mbao aliyoanza nayo huishia sakafuni. Mgongo wa mepo, ule mti ambao jani lake lipo kwenye bendera ya Kanada, hupitia kazi hiyo hiyo, na mepo ni ngumu zaidi kuchonga.

Penye kipaji ni pale ukingoni, kwenye kibonde chembamba kinachouzunguka uso wote. Kikiachwa kinene, uso unakakamaa: gitaa linatoa sauti fupi, kavu, isiyofika mbali. Kikipunguzwa kupita kiasi, sauti ya mwezi wa kwanza inakuwa nzuri ajabu, halafu uso unaanza kuzama chini ya daraja, nyuzi zinashuka na kugonga freti, zile pau ndogo za chuma shingoni. Kuitengeneza hitilafu hiyo ni karibu sawa na kuunda uso mpya. Fundi hujua mahali pa kusimama kwa kuupinda ubao kwa vidole, kuugonga na kuusikiliza, na hilo halipatikani kwa kuunda gitaa moja au mawili.

Ndiyo maana kazi hii ina undugu na fidla kuliko ilivyo na gitaa la kawaida. John D'Angelico, aliyefungua karakana yake New York mwaka 1932 na kuunda magitaa 1,164 kabla ya kufariki mwaka 1964, alijifunza kwa babu yake mdogo aliyekuwa akiunda fidla na mandolini. Eastman, kampuni inayochonga magitaa ya jazi Beijing, ilianza na fidla. Fundi wa udi (ala ya nyuzi ya taarabu) wa Zanzibar naye ni bingwa, lakini kwenye jambo lake: mgongo wa udi hujengwa kwa vibamba vinavyopindwa kwa joto na kuunganishwa, na uso wake ni bapa. Kumpa kazi ya kuchonga uso wa gitaa la jazi ni kumwomba aanze ufundi upya.

Basi swali la kwanza kwa fundi yeyote liwe hili: umeunda magitaa mangapi ya uso wa kuchongwa, na yaliyotoka kwako miaka mitano au kumi iliyopita yako kwa nani? Mtafute mmoja wa wamiliki hao. Mwambie aangalie mambo matatu: je, uso umezama upande wa daraja? Je, shingo bado imenyooka ukiitazama kutoka kichwani kuelekea mwilini? Je, daraja limewahi kuinuliwa au kushushwa mpaka likafika mwisho wa skrubu zake? Majibu hayo yana thamani kuliko picha mia za gitaa jipya linalong'aa.

Dhana: Gitaa la kweli ni la mbao nzima, plaiwudi ni ya magitaa ya bei poa

Gibson ilitoa ES-175 mwaka 1949 ikiwa na mwili wa plaiwudi ya mepo. Joe Pass na Jim Hall, wapigaji mashuhuri wa jazi, walilipiga gitaa hilo katika rekodi ambazo hadi leo wanafunzi wa jazi wanazisoma noti kwa noti. Hawakukosa uwezo wa kupata jingine. Plaiwudi ni ngumu kutikisika, na uzuri wake uko hapo hapo: ukipiga kwa spika kando ya ngoma na besi, gitaa halianzi kuvuma na kupiga mluzi upesi. Uso wa kuchongwa ni mwepesi na hai, kwa hiyo hupokea sauti ya spika na kuirudisha, hasa kwenye noti za chini.

Kabla ya kuongea na fundi, jijibu: gitaa hili litapigwa wapi? Kama ni kwenye bendi yenye ngoma na tarumbeta, mwili wa plaiwudi wenye pikapu (kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika) iliyopachikwa usoni utakufaa, na fundi anayejua kuifinyanga plaiwudi kwenye kalibu yake mwenyewe si wa kudharauliwa. Kama ni gitaa na mwimbaji, au gitaa na besi ya kusimama katika chumba kidogo, agiza la kuchongwa lenye pikapu ndogo inayoelea, ile inayofungwa kwenye mwisho wa ubao wa vidole (ule wa shingoni wenye freti) au kwenye kinga ya uso bila kugusa uso.

Kuna njia ya kati: uso wa kuchongwa uliokatwa kwa ajili ya pikapu, kama L-5CES ya mwaka 1951. Hapa fundi sharti aambiwe mapema. Tundu la pikapu hudhoofisha uso na pikapu huuongezea uzito, kwa hiyo fundi mwenye akili huuacha mnene zaidi na kupanga papi zake zipite kando ya tundu. Kumwambia "nitaamua kuhusu pikapu baadaye" ni kumfunga mikono. Na fundi anayekubali kukata tundu baada ya uso kukamilika, bila kuuliza swali lolote, anakuonyesha jinsi anavyoichukulia kazi yake.

Dhana: Ukinakili vipimo vya gitaa la Wes Montgomery utapata sauti yake

Sauti ile ya Montgomery, mpiga gitaa mashuhuri wa jazi, ilitoka kwenye dole gumba lililopiga badala ya kichokonoo (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi), kwenye nyuzi nene zilizosokotwa bapa, na kwenye amplifaya. Gitaa lilisaidia. Ukimpelekea fundi rekodi za sauti unayoitaka, ukamwambia unapiga kwa nini na nyuzi za unene gani, utakuwa umempa habari kubwa kuliko jedwali la vipimo.

Dhana: Mteja mzuri hupanga kila kitu mwenyewe

Yapo ya kwako na yapo ya fundi. Ya kwako ni yale yanayogusa mwili wako. Upana wa mwili: inchi 16 (milimita 406) humkaa vizuri mtu wa kimo cha kawaida, inchi 17 (432) ndiyo saizi iliyozoeleka, inchi 18 (457) huuchosha mkono wa kulia mtu akipiga ameketi kwa saa mbili. Kina cha mbavu: L-5 ina karibu milimita 86, lakini wengi leo huagiza 76, na wanaosumbuliwa na bega hushuka hadi 64. Urefu wa uzi unaotikisika: milimita 628, 635 au 648, na tofauti hiyo ndogo husikika kwenye ukakamavu wa nyuzi na kwenye nafasi za freti kwa vidole vifupi. Upana wa shingo pale kichwani: 43 au 44.5. Umbo la mgongo wa shingo ndilo gumu kulieleza kwa maneno. Lichukue gitaa ambalo shingo yake unaipenda, lipime unene wa shingo kwa kalipa (kipimio cha unene) kwenye freti ya kwanza na ya tisa, kisha kata kadibodi ifuate mviringo wake na uitume.

Unene wa uso, mpangilio wa papi na pembe ya shingo mwachie fundi. Uliza tu anatumia papi mbili sambamba au zinazokatana kama herufi X, na kwa nini. Kwa kawaida papi sambamba hutoa sauti kali inayochomoza katika bendi. Za X hulainisha sauti na kuirefusha. Fundi asiyeweza kukueleza uchaguzi wake kwa lugha ya kawaida huenda anaiga mchoro wa mtu mwingine.

Dhana: Mbao ya kifahari ndiyo inayoleta sauti, na mpingo wetu ungefaa mwili mzima

Mchongaji hodari mwenye sprusi ya kawaida iliyokauka vizuri atamshinda mchongaji wa wastani mwenye mbao ya karne. La kuuliza ni kama mbao imepasuliwa robo, yaani mistari yake ukiitazama kwenye mkato wa ncha ya ubao inasimama wima, na kama imekaa karakanani hadi unyevu wake ukashuka kwenye asilimia 6 hadi 8. Omba picha ya mkato huo.

Mpingo una nafasi yake, na ni nafasi nzuri. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, haulegei chini ya freti, na ubao wa vidole wa milimita 500 kwa 60 unapatikana hata kwenye gogo lisilonyooka. Daraja la mpingo nalo hudumu. Lakini mti wenyewe hukua polepole, mara nyingi umepinda na una uwazi au nyufa moyoni. Vipande viwili vipana vya mgongo wa inchi 17, kila kimoja zaidi ya milimita 216, ni adimu mno, na uzito wake ungelifanya gitaa kuwa mzigo. Mepo inabaki kwenye mgongo kwa sababu nzuri.

Jambo la sheria lisipuuzwe. Tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu jenasi nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, iko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa kwenye sharti la kibali tarehe 26 Novemba 2019, ila magogo na mbao bado zinahitaji kibali. Anayefikiria kubeba ubao wa mpingo kutoka Kilwa ampelekee fundi wa Ujerumani ajue hivyo, na ajue pia kwamba mafundi wengi hukataa mbao ya mteja. Hawajui ilikaushwaje, na ikipasuka miaka miwili baadaye lawama itakuwa yao.

Dhana: Ukilipa yote mapema, kazi itakwenda haraka

Ni kinyume chake. Utaratibu unaokulinda ni malipo ya awamu: sehemu ya kushika nafasi, sehemu nyingine mwili ukishafungwa na picha kutumwa, na salio kazi ikikamilika kabla ya kusafirishwa. Mtu anayedai fedha zote mwanzoni huenda anazitumia kumalizia gitaa la mteja aliyetangulia, na mnyororo huo ukikatika huwa umekatikia kwako. Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, uonyeshe vipimo, mbao, pikapu, tarehe ya makadirio, na fedha zitarudije ikiwa fundi ataugua au karakana itafungwa.

Usimharakishe kwenye rangi. Laka ya nitroselulosi, aina ya vanishi, hunyunyiziwa tabaka nyingi na huhitaji wiki kadhaa ikae kabla ya kung'arishwa. Ikipigwa msasa mapema, huendelea kunywea, na baada ya miezi mistari ya maungio na vinyweleo vya mbao huanza kujitokeza juu yake.

Dhana: Likifika, kazi imekwisha

Karakana nzuri hudhibiti unyevu wa hewa kwenye asilimia 40 hadi 50. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hewa mara nyingi iko juu ya 70. Sprusi hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, na kwa kuwa imefungwa kwenye mbavu, njia yake pekee ni kupanda juu. Uso unanyanyuka, daraja linapanda nao, nyuzi zinakaa mbali na freti. Mteja huamini ameuziwa gitaa bovu. Nairobi shida ni ndogo zaidi, ila kiangazi kikali huleta kinyume chake: mbao hunywea na uso kushuka.

Mwambie fundi mapema gitaa litaishi wapi. Aombwe kuacha nafasi kwenye skrubu za daraja kwa pande zote mbili, au atume vipande viwili vya juu vya daraja, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Litunze kwenye kasha gumu lenye pakiti za kusawazisha unyevu na kipimo cha dijitali kinachogharimu fedha kidogo. Likifika, liache ndani ya kasha lililofungwa kwa siku nzima kabla ya kulifungua. Kisha lipe wiki mbili tatu likae na hewa ya nyumbani kwako ndipo uguse fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukipima kimo cha uzi wa sita juu ya freti ya 12: milimita 2 ni mwanzo mzuri kwa nyuzi bapa. Kabla ya kulisogeza daraja kwa sababu yoyote, weka alama ndogo za penseli juu ya utepe wa karatasi wenye gundi uliobandikwa kando ya miguu yake, kwa maana halijagundishwa na likiteleza gitaa zima linatoka kwenye tyuni.