Divisheni si Tahasusi

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, simu yangu huanza kuita kabla sijamaliza chai. Mwaka mmoja aliyewahi kuliko wote alikuwa mama wa jirani. "Mwalimu, mtoto kapata divisheni tuu, daraja la pili! Sasa udaktari si ndiyo tayari?" Nikampa hongera, kisha nikamwuliza Kemia kapata nini. Kimya. "Ngoja kwanza nimwulize mwenyewe."

Hiyo "ngoja kwanza" nimeisikia sana. Nimekaa miaka mingi kwenye kiti cha mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya serikali hapa Tanzania, na wanaoharibikiwa kwenye kuchagua masomo nadra kuwa wavivu. Wengi wamefuata kitu ambacho mtaa mzima unakijua, na ambacho si kweli.

"Divisheni nzuri ndiyo inayokupeleka hai skuli"

Tuanze na hii, maana ndiyo mama yao. Baraza la Mitihani hutoa pointi kwa kila somo la Kidato cha Nne: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Yanachukuliwa masomo saba uliyofanya vizuri kuliko mengine, pointi zinajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni ziro. Hapo kazi ya divisheni inakwisha.

TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi wa Kidato cha Tano, wanaangalia vingine. Kwanza, uwe na C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, ya dini hayahesabiwi. Pili, jumla ya masomo saba isizidi 25. Tatu, na hapa ndipo watu wanapoanguka, yale masomo matatu ya tahasusi, yaani kundi la masomo unalotaka kusoma Kidato cha Tano na cha Sita, yakijumlishwa yenyewe, yasizidi pointi 10, na lisiwemo lenye F.

Chukua kalamu. Tuseme binti ana Kiswahili A, Historia B, Jiografia B, Uraia C, Kiingereza C, Biolojia C na Kemia D. Fizikia ana D, Hisabati F. Saba bora zinampa pointi 18, daraja la pili, tena kilele chake. Mwanafunzi mwenzake wa kiume ana Fizikia C, Kemia C, Biolojia C, Kiswahili C, halafu Kiingereza, Jiografia na Hisabati zote D. Hizo ni pointi 24, daraja la tatu. Nyumbani kwa binti wanachinja kuku. Nyumbani kwa kijana wanamwambia ajitahidi mwakani.

Wote wawili wanataka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Kijana ana 3, 3 na 3, jumla 9, anaingia. Binti ana 4, 4 na 3, jumla 11, anabaki nje. Kwa HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, huyo binti ana 5 tu, ni mwanafunzi hodari kabisa, lakini hakuna aliyemwambia hivyo tangu Kidato cha Tatu, alipokuwa anashindana na Fizikia kwa sababu shangazi ni nesi.

"Fizikia itaniharibia divisheni, bora niiache"

Kwa walioanza Kidato cha Kwanza kabla ya 2025, yaani wa mtaala wa zamani, masomo ya lazima hadi Kidato cha Nne ni saba: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Biolojia, Historia, Jiografia na Uraia. Fizikia na Kemia zilisomwa na wote hadi Kidato cha Pili, kisha kila mtu alichagua mchepuo. Mwezi wa kwanza wa Kidato cha Tatu ofisini kwangu palikuwa kama stendi. Wanakuja wawili wawili, wameshikana mikono, wote wanaacha Fizikia.

Sababu yao kubwa ni hiyo ya kuharibiwa divisheni, na nikiwaonyesha hesabu wanashangaa. Yanayohesabiwa ni masomo saba bora. Ukisoma tisa, mawili ya chini hayagusi daraja lako. F ya Fizikia itaonekana kwenye cheti, sawa, lakini pointi zako haitazipandisha kama unayo saba mengine mazuri. Anayesema Fizikia inakula muda wa masomo mengine ana hoja, na huyo nilimsikiliza. Anayesema inaharibu divisheni hajui divisheni inavyopigwa.

Upande wa pili kuna D. Watu wanaidharau D, wakati D ya Kidato cha Nne inaanzia alama 30 na inafungua milango ambayo "sikusoma" haiwezi kuifungua hata kidogo. Stashahada ya utabibu, ile inayotoa matabibu wanaotupokea kwenye vituo vya afya, inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu ni D kwenda juu. Nimewaona vijana wenye C nzuri za Biolojia na Kemia wakirudi shuleni miaka miwili baadaye kuuliza namna ya kurudia Fizikia peke yake kama watahiniwa wa kujitegemea. Inawezekana, lakini ni gharama, na kuusoma umeme na mwanga peke yako jioni baada ya kutoka dukani ni kazi ya mtu mwenye moyo.

Na niseme lisilosemwa kwenye vikao vya wazazi. Mara nyingi mwanafunzi hakuiacha Fizikia, Fizikia ndiyo iliyomwacha. Shule nyingi za kata zina mwalimu mmoja wa somo hilo, au zinaazima wa kujitolea, naye akipata ajira anaondoka katikati ya muhula. Kwenye mbao za ofisi imeandikwa "Idara ya Sayansi". Ukiuliza walimu wako wangapi, unaonyeshwa mmoja wa Biolojia ambaye pia anafundisha Kemia, na ndiye mkuu wa idara, na ndiye mwenye ufunguo wa maabara.

"Mkuu wa idara ndiye anayeamua mtoto asome nini"

Haamui. Mkuu wa idara, iwe ya lugha, hisabati, sayansi, sayansi ya jamii au biashara, anagawa vipindi kwa walimu wake, anakagua maazimio ya kazi na maandalio ya somo, anasimamia mitihani ya ndani na vitabu. Ratiba na kumbukumbu za alama ziko kwa mwalimu wa taaluma. Mzazi anayetaka kujua mtoto amesajiliwa masomo gani kwa mtihani wa taifa aje kwa taaluma, na aje mapema. Orodha ya usajili ikibandikwa, kila mwanafunzi aisome kwa kidole, mstari wake, somo kwa somo. Niliwahi kukuta mtoto amehudhuria Kemia miaka miwili na kwenye orodha hana Kemia. Tuliiwahi kwa sababu dada yake alikuwa mbishi.

"Ukifeli Hesabu umekwisha" na ndugu yake "Mtu wa masomo ya sanaa hahitaji Hesabu"

Hizi mbili huzungumzwa na watu walewale, mara nyingi siku hiyohiyo. Ya kwanza si kweli: F ya Hisabati haikuzuii kwenda kusoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGK, wengi wamepita hivyo na leo ni walimu na wanasheria. Ya pili inauma baadaye, kwa sababu haionekani mpaka siku ya kuomba chuo kikuu.

Mwanafunzi wa PCB, CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) au HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) hasomi Hisabati kubwa, lakini anasoma ile ndogo iitwayo BAM. Haiingii kwenye divisheni ya Kidato cha Sita, kama ambavyo GS, somo la maarifa ya jumla, haiingii. Kwa hiyo vipindi vyake hugeuka vipindi vya kufua sare. Halafu anafungua kitabu cha mwongozo cha TCU, wanaosimamia udahili wa vyuo vikuu, kutafuta kozi ya uchumi, takwimu au kompyuta, na chini ya masomo makuu anakuta kasharti kadogo: kama huna Hisabati ya juu, uwe angalau na S ya BAM, alama iliyo chini ya E, au ufaulu wa Hisabati wa Kidato cha Nne. Kasharti hako kamewaondoa wengi wenye divisheni wani ya HGE.

"Pointi ni pointi"

Kwa Kidato cha Sita kuna mkanganyiko ambao hata sisi walimu tulichukua muda kuuzoea, kwa sababu vyombo viwili vinahesabu kinyume. Kwa Baraza la Mitihani A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Ukiwa na pointi chache ndiyo unacheka. Kwa TCU A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Huko ukiwa na nyingi ndiyo unacheka. Na TCU hawajumlishi masomo yote matatu. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, sharti la chini ni ufaulu wa E kwenda juu, ambao wanafunzi wanauita prinsipo, katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi yenyewe, na jumla ya hayo mawili isipungue 4.

Sasa wachukue wawili waliokaa dawati moja. Mmoja ana E tatu. Mwingine ana D mbili na F moja. Kwa Baraza wote wana pointi 15, daraja la tatu, wanapeana mikono. Kwa TCU mwenye E tatu, masomo yake mawili yanampa 2, hafiki. Mwenye F ana 2 na 2, jumla 4, anaweza kuomba, mradi hizo D ziwe kwenye masomo ambayo kozi inayataja. Nimeshuhudia familia ikimhurumia huyo mwenye F msimu mzima wa likizo.

"Tahasusi zimekuwa nyingi, mtoto atachagua yoyote"

Mwezi wa tatu 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafika 65. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini shule moja ina tahasusi chache tu, kulingana na walimu, maabara na mabweni yake, kwa hiyo ukichagua tahasusi umechagua pia kundi la shule unazoweza kupangiwa, labda mkoa wa mbali. Kabla ya kupenda jina, tazama shule zinazoitoa.

Soma pia herufi vizuri. C ya PCB ni Kemia, C ya ECA ni Biashara. A ya CBA ni Kilimo, A ya ECA ni Uhasibu. L ya HGL ni Kiingereza. Kuna kijana alinijazia CBA akidhani atasoma uhasibu na kemia pamoja. Nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba hakuna aliyemfundisha hizo herufi, nasi tuliipitisha fomu yake.

Fomu hiyo ya shuleni si hati ya ndoa. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI huwa inafungua mfumo wa mtandaoni wa Selform kwa muda ili mhitimu abadilishe tahasusi au chuo kulingana na alama alizopata. Wanaokosa nafasi hii ni wale waliosahau nywila, au waliokwenda kijijini bila bando. Na ukiona umepangiwa chuo cha ufundi badala ya Kidato cha Tano, usilie kabla hujasoma kozi. Kuna stashahada ambayo baada ya miaka mitatu inakupeleka chuo kikuu ukiwa na ujuzi mkononi, wakati mwenzako wa E tatu bado anatafuta pa kuanzia.

"Mkondo wa amali ni wa walioshindwa"

Hili ni jipya na limeota haraka. Kwenye mtaala unaotokana na sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Mtoto wa amali anajifunza fani ya kazi huku akiendelea na Hisabati na Kiingereza kama wenzake. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili ni la lazima, na linafundishwa kwa Kiswahili, jambo ambalo kwa sekondari zetu si dogo. Wazazi wa hawa wadogo wasitumie orodha ya masomo saba niliyoitaja juu, hiyo ni ya kaka zao.

Yule mama alinipigia tena jioni. "Mwalimu, Biolojia C, Kemia D."

"Fizikia?"

"Anasema aliiacha kidato cha tatu. Eti walikuwa wengi."

"Jiografia?"

"C."

Tatu, nne, tatu. Kumi kamili. Nikamwambia CBG inaingia, kwa kisigino.

"Na udaktari?"

"Wa kutibu watu, mama, chuo kikuu kinataka prinsipo ya Fizikia pamoja na Kemia na Biolojia." Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwita mtoto aje asikilize. "Mweke kwenye spika," nikasema, "na alete karatasi."