Kijana Anavuta Bangi, Sasa Anaongea Peke Yake: Maswali Tunayoulizwa Dodoma

Bangi ni majani tu, si ndiyo?
Tumbaku nayo ni majani. Bangi ina kemikali iitwayo THC, na mtu akivuta inafika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Skanka ni bangi yenye kemikali hiyo kwa wingi zaidi.

Inaleta uraibu?
Ndiyo. Takriban mtumiaji mmoja kati ya 10 hunasa, na anayeanza akiwa bado mwanafunzi yumo hatarini zaidi. Akiikosa hapati usingizi, hali chakula vizuri, anafoka ovyo.

Mwanangu halali, anasikia sauti, anasema tunamwekea sumu. Amerogwa?
Hapana, mama. Anaumwa. Bangi inaweza kumchanganya mtu akili, hasa kijana, na zaidi kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua. Mlete hospitali wiki hii hii.

Tuanze kwanza kwa mganga?
Hapana. Tunaomba sana, hapana. Vijana wanatufikia wakiwa nyuma ya gari, wamefungwa kamba ya katani, vifundo vya mikono vimevimba na vina usaha, kifuani wana chale mbichi. Tunaanza kuosha vidonda kabla hata ya kuuliza habari za akili. Ukimuuliza baba ugonjwa ulianza lini, anasema kabla ya mavuno. Ng'ombe wameshauzwa, mganga wa pili ameshalipwa, na muda wote huo kijana aliendelea kuvuta. Kadiri mnavyochelewa, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Na maombi?
Ombeni, lakini mkiwa njiani kuja hospitali. Kumfungia kijana chumbani siku saba bila chakula wala dawa si kumsaidia.

Hatutakamatwa na polisi?
Hofu hii nayo inachelewesha wengi. Daktari yupo kutibu. Mwambieni ukweli: anavuta nini, tangu lini, anachanganya na pombe au vidonge gani. Mkificha, mnatupotezea muda.

Atapewa methadoni ya pale Itega?
Hapana, hiyo ni dawa ya waraibu wa heroini. Wa bangi hupewa dawa za kutuliza akili na ushauri nasaha, na lazima aache kuvuta. Akipata nafuu asitupe vidonge na kurudi kijiweni. Hilo tunaliona mno, na linachosha.

Mbona wenzetu wameihalalisha?
Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013, Kanada ikaruhusu 2018, Ujerumani 2024. Zote ni kwa watu wazima, kwa kiasi kilichowekwa. Hakuna hata moja iliyomruhusu mtoto wa miaka 15 kununua. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza, kumiliki na kutumia. Wanaotaka ibadilishwe wana haki ya kujadili. Lakini kijana anayekwambia "hata Kanada wanavuta" huku anaongea na ukuta, usibishane naye sheria. Mpeleke hospitali.

Tuanzie wapi?
Kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, watawapa rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, ikihitajika. Akishika panga, akigoma kula kabisa, au akisema anataka kufa, msisubiri rufaa wala kukuche. Mleteni usiku huo huo, na aje na mtu anayeijua historia yake.