Je, wajua kwa nini chimni inashika moto wakati moto uko chini sebuleni?

Nyumba za sehemu za baridi, Lushoto, Njombe, Mufindi, na ukivuka Kenya huko Limuru na Tigoni, nyingi za zile za zamani zina sehemu ya kuwashia moto sebuleni na chimni inayopanda mpaka juu ya paa. Ikifika Juni na Julai watu wanatupia magogo, wanaota moto wee mpaka usiku, na hakuna anayewaza huko juu kukoje.

Sasa iko hivi, kuni haziungui zote. Moshi unaopanda umebeba mvuke wa maji, masizi na yale mafuta mafuta ya kuni ambayo hayajaungua, ukiwa bado wa moto unapita tu, ila ukifika juu ambako ukuta wa chimni ni wa baridi, joto likishuka chini ya nyuzi 120 hivi, yale mafuta yanaganda ukutani kama mvuke unavyoganda kwenye mfuniko wa sufuria. Tofauti ni kwamba haya hayadondoki, yanabaki palepale na moto wa kesho unaongeza tabaka lingine. Wataalamu wanayaita kriosoti. Mwanzoni ni masizi ya vumbi, ukipitisha brashi yanatoka. Ukiacha yanakuwa magamba meusi yanayong'aa, ukiacha tena yanageuka lami ngumu iliyong'ang'ania tofali, hapo hata brashi ya chuma inateleza tu.

Na hiyo lami inawaka vizuri sana! Siku umewasha moto mkubwa kuliko kawaida, au cheche moja imepanda, chimni inaanza kuungua kwa ndani, joto linaweza kupita nyuzi 1,000, unasikia mngurumo mzito ukutani na huko nje majirani wanaona moto unatokea juu ya paa. Vigae vya udongo vilivyopangwa ndani vinapasuka, moto unapata upenyo wa kwenda kwenye mbao za dari. Kinachonitisha zaidi ni zile zinazoungua taratibu bila kelele, mwenye nyumba hajui kitu, anaendelea kuwasha kila jioni kwenye chimni yenye nyufa.

Ndio maana kiwango cha usalama wa chimni cha Marekani, kinachoitwa NFPA 211 (NFPA ni shirika lao la kujikinga na moto), kinataka chimni ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Ujerumani ni sheria kabisa, mkaguzi wa chimni anaingia mpaka ndani kwako kuangalia jiko na njia ya moshi mara 2 kila miaka 7, upende usipende.

Fundi anayeijua kazi anamulika tochi toka chini na toka juu, anakwangua ukuta aone unene wa uchafu, ukifika milimita 3 unasafisha kwanza ndo uwashe. Anaangalia kama kile kibati cha kufungia njia ya moshi kinafunguka chote, kama kuna nyufa, kama mvua inaingia. Ukinunua nyumba ya zamani mwambie aingize kamera, usikubali kuangaliwa kwa tochi peke yake. Na viota vya ndege jamani, chimni iliyokaa miezi bila moto ndege wanahamia, ukiwasha moshi unarudi sebuleni pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Watu wanaumwa kichwa wanadhani ni uchovu, wanaenda kulala, hawaamki.

Kuni nazo zina mchango mkubwa. Mkaratusi uliokatwa juzi umejaa maji, unafuka badala ya kuwaka, moshi unapanda ukiwa umepoa na lami inajijenga haraka. Zipasue, zikae pakavu penye upepo miezi 6 au mwaka, unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Kufinya hewa ili moto ufukefuke usiku kucha, eti kuni zisiishe, nako kunaleta uchafu uleule.

Chimni ikishawaka toa watu wote nje halafu piga zimamoto, kwa Tanzania ni 114. Usimwage maji kwa juu, tofali la moto likikutana na maji ya baridi linapasuka hapohapo. Na hata moto ukizimika, usiwashe tena mpaka fundi aingize kamera aone ndani pamebaki nini.