Kiswahili si nusu Kiarabu

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba Kiswahili ni mchanganyiko, nusu Kiarabu nusu Kibantu, kilichozaliwa wafanyabiashara wa Kiarabu walipooa pwani. Si kweli. Ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomori.

Asili ya lugha haipimwi kwa kuhesabu maneno ya mkopo. Kiingereza kimejaa Kifaransa tangu Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lakini hakuna anayekiita nusu Kifaransa.

Tazama sarufi, maana ndiyo uti wa mgongo. Chukua “walivisafirisha”. Safiri imetoka kwa Waarabu, sawa. Lakini wa- ya watendaji, -li- ya wakati uliopita, -vi- ya vitu vyenyewe na -ish- ya kusababisha, zote ni za Kibantu. Kitabu nacho kwa Waarabu wingi wake ni kutub. Sisi tukasema vitabu, kama viti na visu.

Mkopo wenyewe ni mkubwa, hasa katika dini, sheria na biashara, na hauna aibu yoyote. Hata kwenye kuhesabu, sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu.