Marehemu Afe Kabla ya Pilau

Mara ya kwanza tulipomuua mtu mbele ya wageni, nusura tumuue kweli. Ilikuwa kwenye mgahawa mmoja Mikocheni, meza sita, watu arobaini. Mwigizaji wangu alikunywa juisi ya ukwaju, akashika koo, akaanguka kati ya meza ya tatu na ya nne, kama tulivyofanya mazoezi wiki tatu nzima. Sijakaa sawa, mama mmoja wa meza ya nne alikuwa ameshavua viatu, kapiga magoti, anamkandamiza kifua kwa mikono miwili huku akihesabu kwa sauti. Kumbe muuguzi. Marehemu wetu alivumilia mara nane. Ya tisa akafumbua macho akasema, "Mama shikamoo, mimi mzima." Ukumbi ukaangua kicheko, na kesi yetu ikafia pale pale, bakuli za supu bado ziko mezani.

Hiyo ndiyo kazi yangu: chakula cha usiku chenye kesi. Mgeni ananunua tiketi moja, anakaa, anakula, na katikati ya kula mmoja wa wahusika anauawa. Muuaji yumo humo humo ukumbini, na wapelelezi ni wale wale waliokuja kula. Kabla chai haijaisha anatajwa. Nimeshaulizwa na vijana wengi biashara hii inaendaje, kwa hiyo naandika niliyoyajua kwa kuumia.

Kwanza niwatoe hofu wanaosema haya ni mambo ya Kizungu. Miaka ya themanini na tisini, vikundi kama Muungano na baadaye TOT vilikuwa vinajaza mabaa ya Dar es Salaam: ngoma, vichekesho, taarabu na maigizo katika usiku mmoja, mtu na chupa yake mezani. Kuigiza mbele ya mtu anayetafuna si jambo geni mjini hapa. Kigeni ni kumwambia huyo anayetafuna kwamba na yeye ana kazi ya kufanya.

Hapo ndipo nilipokosea mwanzo. Nimesomea sanaa za maonyesho TaSUBa, Bagamoyo, na nilitoka kule nikiamini ninachouza ni igizo. Sicho. Ninachouza ni ubishi wa mezani. Watu wanane ambao wengine hawajawahi kuonana wanaegemeana na kunong'onezana, "Huyo shemeji simwamini, umemwona alivyokimbilia simu?" Ubishi huo ukiwaka, hata mwigizaji akisahau maneno hakuna anayejali. Usipowaka, umewauzia pilau ya bei ghali yenye makelele.

Ndiyo maana marehemu lazima afe kabla ya pilau. Supu ni ya utambulisho: tuseme ni sherehe ya kustaafu kwa mzee fulani mwenye viwanja, na wahusika wanazunguka meza kwa meza wakisalimia kama ndugu wa mwenye shughuli. Bakuli zikitolewa, mzee anakufa. Halafu chakula chenyewe kinaingia, na kwa dakika arobaini hatuchezi chochote jukwaani. Washukiwa wanapita tu mezani mmoja mmoja, wanahojiwa, wanadanganya. Msimu wa kwanza nilijaribu kuua baada ya pilau. Watu walikuwa wameshashiba, macho yamelegea, wengine wako kwenye simu zao. Mtu aliyeshiba hapelelezi.

Na wakati sahani zinagawiwa usiseme neno lolote la maana. Hakuna sauti, hata ya aliyesomea, inayoshinda vijiko arobaini. Nimewahi kuficha ushahidi mkuu kwenye sentensi iliyotamkwa huku kachumbari inapita. Meza zote sita zilikosa, na mwishoni wakaninunia, kwa haki kabisa.

Wahudumu nao waingizwe kwenye siri, tena mapema. Usiku mmoja kijana mchapakazi alikusanya vyombo, akachukua na kikombe cha marehemu, akakiosha vizuri kwa sabuni. Kikombe kilikuwa na alama ya rangi ya mdomo iliyokuwa imtie mtu hatiani. Sasa kitu chochote kisichotakiwa kuguswa kinakaa juu ya kitambaa chekundu, na kila mhudumu anajua kwamba chekundu hakiendi jikoni.

Suala la sumu nalo lina siasa zake. Mwenye mgahawa wa pili niliokwenda kuomba, mzee mmoja mtaratibu sana, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, ua unavyotaka, lakini si kwa chakula changu. Mteja akiumwa tumbo kesho nitamwambia nini?" Alikuwa sahihi, na tangu siku ile limo kwenye mkataba wangu: sumu haitoki jikoni. Marehemu wangu sasa hufa kwa vitu alivyokuja navyo mwenyewe, kama dawa zake za presha zilizobadilishwa kwenye kichupa, au tende alizoletewa zawadi. Damu nayo siitumii kabisa. Haikai vizuri karibu na mchuzi wa nyanya.

Kuhusu kuandika kesi yenyewe nina msimamo mkali kidogo. Kule Marekani kuna igizo la saluni, Shear Madness, lililoanza Boston mwaka 1980, ambalo watazamaji hupiga kura na kura yao ndiyo inayoamua muuaji. Ni ufundi mzuri, lakini kwangu haukufua dafu. Nilijaribu kitu cha namna hiyo mara moja, na baba mmoja akasimama akauliza, "Sasa ushahidi uko wapi? Kwa hiyo tungemchagua mwingine ndiye angekuwa ameua?" Wageni wangu wanataka haki. Wanataka muuaji awe mmoja tangu mwanzo, na alama zake ziwe zilikuwa mbele ya macho yao wakati wote.

Kidokezo ninachojivunia kuliko vyote ni ujumbe wa M-Pesa. Shemeji wa marehemu, wakati wa supu, anapita akiomba watu nauli ya kurudi Kigamboni. Kuna wanaompa kweli, elfu mbili, tatu. Baadaye simu yake inaokotwa na kupitishwa mezani. Kwenye skrini kuna ujumbe wa kutuma pesa kwa fundi. Kila meza inasoma jina la fundi, inasoma saa, inabishana kuhusu saa. Wachache sana wanasoma mpaka mstari wa chini: salio ni milioni nne na ushee. Mtu aliyeombaomba nauli! Akitajwa mwishoni, utasikia ukumbi mzima unaguna kwa pamoja, kila mtu anajilaumu kwa kitu anachokisoma kila siku ya Mungu. Elfu mbili zao wanarudishiwa, lakini.

Dada wa kazi hawezi kuwa muuaji wangu. Kila onyesho kuna meza inayomtuhumu hata hajafungua mdomo, na sitaki kuwapa raha hiyo. Kabila la mtu halitajwi pia. Sumu, viwanja, wosia na mke wa pili vinatosha kabisa.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikulibuni mimi. Onyesho la nne, mzee ameshakufa, mjane analia pembeni, naona meza ya pili wanapitisha kitambaa cha mezani kilichokunjwa. Nikadhani wananung'unikia chakula. Kumbe wanachanga rambirambi. Walikuwa wameshateua mweka hazina, na kijana mmoja anaandika majina na viwango nyuma ya menyu. Meza ya tano wakasikia, wakatuma mjumbe kuuliza mazishi ni lini. Nilisimama karibu na mlango wa jikoni nikicheka mpaka machozi, na hapo hapo nikajua kilichokuwa kimekosekana. Nilikuwa nikigawa karatasi za kumkisia muuaji, watu wanaziacha zilowe maji. Mtu wa hapa akifiwa hagawiwi karatasi, anaundiwa kamati. Kuanzia onyesho la tano kila meza ni kamati ya mazishi: ina mwenyekiti, ina mweka hazina, na inapewa bahasha ya rambirambi. Badala ya pesa, ndani wanaweka jina la mtuhumiwa na sababu. Mwenyekiti anasimama kusoma, anaanza na "Kwa niaba ya meza yetu...", na hakuna mwigizaji niliyewahi kumlipa aliyechekesha kama wenyeviti hao.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiko wengi wanakofia. Tiketi yangu ya kawaida ni shilingi 75,000. Mgahawa nalipa 38,000 kwa kichwa, na mauzo ya vinywaji ni yao wote. Usigombanie vinywaji, ndivyo vinavyowafanya wakukaribishe tena. Waigizaji sita kwa 90,000 kila mmoja ni 540,000, posho za mazoezi 240,000, vifaa na uchapaji 110,000, usafiri wa kuwarudisha waigizaji nyumbani usiku 120,000, matangazo 150,000. Wakija watu 40 nimeingiza milioni tatu na kutoa 2,680,000. Zinabaki 320,000, na bado kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kodi. Wakija 30, nimepoteza elfu hamsini kwa kuwaburudisha watu. Kwa hiyo tiketi inalipwa mapema, yote. "Nitalipia mlangoni" ni neno zuri sana na halijawahi kujaza kiti.

Kinachoniweka mjini hasa ni maofisi. Novemba na Desemba idara za rasilimali watu zinatafuta kitu tofauti na hotuba, keki na DJ. Huko nauza onyesho zima kwa bei moja, na kwa ridhaa yao naingiza mambo madogo ya ofisi yao, kama mashine ya kopi isiyopona au bosi anayependa vikao vya Ijumaa jioni. Mwezi wa Ramadhani nafunga maonyesho, naandika kesi mpya.

Tangazo langu la kwanza liliandikwa "Karamu ya Mauaji". Meneja wa ukumbi mmoja alikataa kulibandika akisema ni mkosi, na kwenye simu watu walikuwa wananiuliza kama ni mkesha wa maombi. Nikajifunza kuuza swali. Bango la sasa lina picha ya kiti kitupu, sahani iliyofunikwa, na maneno "Nani hakutaka mzee astaafu?" Basi. Watu wanapiga simu kuuliza, na anayeuliza ameshaanza kupeleleza.

Matangazo ya kulipia Instagram yananiletea vidole vya kupenda kuliko wageni. Kilichonijazia viti ni ujumbe wa WhatsApp ambao aliyelipia anaupata siku mbili kabla: "Habari za jioni. Mimi ni mke mdogo wa mzee. Nasikia Jumamosi unakuja. Usimwamini wifi yangu." Saa moja baadaye ujumbe mwingine, wa wifi. Nusu ya wanaoupata wanaurusha kwenye status zao, na marafiki zao wanaanza kuuliza wifi ni nani. Gharama yake ni bando tu na mwigizaji mwenye kidole chepesi.

Ucheleweshaji nao niliutibu kwa njia hiyo hiyo. Kadi inasema saa moja usiku, na mjini hapa hiyo maana yake saa mbili. Sikugomba. Nilitangaza kwamba saa moja kamili kuna kidokezo kimoja kinachotolewa mlangoni na hakitarudiwa. Sasa kuna watu wanafika saa kumi na mbili na nusu na kukaa kwenye magari.

Halafu kuna siri. London, igizo la The Mousetrap linachezwa tangu 1952, likiwa limesimama kwa muda tu wakati wa korona, na mwisho wa kila onyesho watazamaji wanaombwa wasimtaje muuaji. Mimi sina ukumbi wa namna hiyo, wala mji wangu hautunzi siri kiasi hicho. Kesi moja naicheza mara sita, saba, kisha naizika. Ila nimetengeneza vibao vidogo vya "Si mimi". Mwisho wa usiku wageni wanapiga picha na washukiwa wote, kila mtu kashika chake, muuaji akiwemo. Picha zinasambaa mpaka Jumatatu bila kuharibu chochote.

Yule muuguzi alirudi, na wenzake saba wa wodini. Siku hizi mshereheshaji anatangaza mapema kwamba kuna mtu atakufa na asiguswe, lakini kwa tahadhari nilimkalisha meza ya mbali. Onyesho lilikwenda vizuri, bahasha zikasomwa, watu wakatawanyika. Yeye akanifuata jikoni. "Dada, kesi nzuri. Lakini mtu aliyezidishiwa dawa za presha hashiki koo. Anaona kizunguzungu, anatafuta pa kukaa, anaishiwa nguvu taratibu. Huyo wako amekufa kama aliyesakamwa na mfupa." Nikabadilisha. Mzee sasa anakaa kitini, anaomba maji, anainamisha kichwa, na wageni wanachukua karibu dakika nzima kugundua. Kila kesi mpya sasa inapita kwake kwanza, ukurasa wa kifo tu. Malipo yake ni tiketi mbili, na hataki meza ya mbali.